Mgonjwa Amerudi Nyumbani, Je, Nyumba Yako Iko Tayari?

Mwezi huu tuweke kando kidogo mambo ya mitindo na mahaba, tuzungumzie kitu ambacho kimevuruga amani ya nyumba nyingi mjini kuliko hata zile meseji za usiku wa manane. Namzungumzia mgonjwa aliyepewa ruhusa hospitali akaletwa kwenu, mara nyingine bila mtu kukuuliza kama mna chumba.

Mnajua inavyokuwa. Daktari akishasema "ruhusa" tu, simu zinapigwa ukoo mzima. Gari linatafutwa, mtori unainjikwa, shuka mpya zinatandikwa, majirani wanaingia na matunda. Macho yote yako kwa mgonjwa, hakuna anayetupia jicho bafuni. Halafu siku ya nne, saa tisa usiku, unasikia kishindo. Umeme umekatika, mama yuko chini, na kabla hakujapambazuka wifi yako wa Mwanza ameshapiga simu: "Hivi huyo mama mmemwangushaje?"

Hapo ndipo ndoa inapoanza kuyumba. Mume anakunja uso, mke anaona anasingiziwa, na dada wa kazi anafungasha begi lake kimyakimya. Wakati huo mgonjwa mwenyewe analala akijiona mzigo.

Na siyo jambo dogo. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa watu 684,000 hufa kila mwaka duniani kwa sababu ya kuanguka, na zaidi ya asilimia 80 ya vifo hivyo hutokea katika nchi za kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama zetu. Wanaokufa kwa wingi ni wenye umri wa zaidi ya miaka 60. Habari njema ni kwamba jambo hili linazuilika. Mwaka 2023 watafiti wa Cochrane walichapisha mapitio ya tafiti nyingi zilizofanywa kwa wazee wanaoishi majumbani. Walionyesha kuwa nyumba ikikaguliwa na hatari zikaondolewa, kuanguka hupungua kwa takribani asilimia 26. Kwa wale walio kwenye hatari zaidi, kama waliowahi kuanguka au waliotoka hospitali karibuni, hupungua kwa takribani asilimia 38. Yaani mgonjwa wako ndiye hasa anayefaidika.

Lakini ukaguzi wenyewe unafanywaje? Ili nijue, nilimwomba nesi mmoja anayehudumia wagonjwa majumbani hapa Dar es Salaam niongozane naye. Familia moja ya Tabata ikatukaribisha kwa sharti la kutotaja majina. Mama mkwe ana miaka 71, amepata kiharusi, mkono na mguu wa kulia hauna nguvu. Tangu atoke hospitali alikuwa ameshaanguka mara moja, na wifi alikuwa ameshapiga simu.

"Mama, Nionyeshe Njia ya Chooni"

Nilidhani sista atatoa daftari na kuanza kuhesabu soketi na mazulia. Wapi! Alisalimia shikamoo, akakaa kitandani karibu na mama, wakapiga soga za Tanga na za wajukuu. Kisha akamwambia, "Mama, naomba unionyeshe unavyokwenda chooni." Mkamwana akaruka kumshika, sista akamzuia kwa mkono. Yeye mwenyewe akasimama nusu hatua nyuma ya mama, upande ule dhaifu, tayari kudaka. Wengine tukawa watazamaji.

Safari ile ya hatua kama kumi na tano ilifichua mambo ambayo mwenye nyumba alikuwa anapishana nayo kila siku.

Kwanza kitanda. Kilikuwa kimesogezwa ukutani kwa namna ambayo mama alilazimika kushukia upande wa kulia, ule usio na nguvu. Godoro lilikuwa laini, anazama, na kitanda kirefu kiasi kwamba miguu inaning'inia. Neti iliyochomekwa chini ya godoro ikamnasa kidole. Alipofanikiwa kukaa, akataka kuinuka palepale. Sista akamwomba asubiri kidogo. Mtu aliyelala muda mrefu, hasa anayetumia dawa za presha, akisimama ghafla presha inashuka na kizunguzungu kinampiga. Akae ukingoni dakika moja au mbili, achezeshe nyayo, ndipo asimame.

Pili njia. Kapeti dogo mlangoni limekunja kona. Waya wa ekstensheni ya feni unakatiza sakafuni. Ndala za mama ni zile za kuchomeka kidole, tena zimeisha soli, na mguu wa kiharusi hauwezi kuzishikilia. Kwenye kizingiti akakwama, hajui atangulize mguu upi.

Tatu choo. Tailizi zinang'aa kama kioo na zina majimaji ya ndoo. Choo ni cha kuchuchumaa. Mama akatafuta pa kushika, akaushika mkono wa bomba la maji. Bomba likacheza. Nikaelewa kilichotokea ile siku aliyoanguka bila kuambiwa na mtu.

Jambo Ambalo Hakuna Aliyeliona

Tuliporudi chumbani sista aliuliza swali dogo tu: "Mama, jana ulikunywa maji kiasi gani?" Mama akamtazama mkamwana wake, akatazama chini. Ikachukua muda kidogo. Mwishowe akasema tangu aanguke hanywi kitu chochote kuanzia saa kumi jioni, ili asipate haja usiku. Hataki kumwamsha mkwewe, mtoto wa watu ambaye alfajiri anawahi kazini. Na mwanawe wa kiume amshike mwili? Hilo hawezi kabisa, bora afe.

Mkamwana alitokwa na machozi. Wiki nzima alikuwa akilalamika kwa mumewe kwamba mama ni mbishi, hataki kuita. Kumbe mama alikuwa anamhurumia!

Sikilizeni wapenzi wasomaji, hii ndiyo sababu nimeandika makala hii. Unaweza kununua kila kifaa, lakini kama hujui mgonjwa anaona aibu gani na anamficha nani, hujakagua nyumba. Mzee asiyekunywa maji anapata kizunguzungu, choo kigumu na maambukizi ya njia ya mkojo. Kesho yake anaanguka tena, halafu tunasema uzee.

Upande wa pili nao una hatari yake. Mkamwana, kwa hofu ya kulaumiwa tena, alikuwa amempiga mama marufuku kushuka kitandani asipokuwepo mtu. Ukimsikiliza utaona ni upendo. Lakini misuli isiyotumika inanyauka upesi, viungo vinakakamaa, na ngozi inayolaliwa mfululizo inatoboka vidonda. Ndiyo maana asiyeweza kujigeuza anahitaji kugeuzwa kila baada ya saa mbili hivi. Mgonjwa aliyefungiwa kitandani ili asianguke, siku atakayosimama ataanguka vibaya zaidi. Sista aliwaambia wote wawili kuwa lengo ni mama atembee, ila njia iwe salama.

Matengenezo Yasiyohitaji Utajiri

Familia ile ilirekebisha mengi kwa mafundi wa mtaani. Nayaandika ili nawe uyachukue yanayokufaa.

Kitanda kiligeuzwa ili mama ashukie upande wa kushoto wenye nguvu. Miguu ya kitanda ikakatwa kidogo, nyayo zake zikakanyaga sakafu vizuri akikaa. Neti ikafungwa juu zaidi, ikachomekwa kwa namna ambayo upande wake wa kushukia anaufungua kwa mkono mmoja.

Kapeti likaondolewa. Waya ukapitishwa ukutani. Ndala zikabadilishwa na viatu vya wazi vyenye mkanda nyuma na soli ya mpira.

Fundi wa kuchomelea akatengeneza kiti cha chuma chenye tundu, kinachosimama juu ya choo cha kuchuchumaa. Kina mikono pande zote mbili na mipira chini ya miguu kisiteleze. Kama huna fundi, kiti imara cha mbao kilichokatwa tundu kinafanya kazi hiyohiyo. Kile cha plastiki chepesi kiogope, kinafunguka miguu.

Kisha vyuma vya kushikia ukutani, na hapa nilijifunza kitu. Mume alikuwa ameshaweka chuma kimoja tayari, upande wa kushoto wa kuingilia. Sista akamuuliza, "Na akitoka je?" Mama akigeuka kutoka, ukuta ule unakuwa kulia kwake, kwenye mkono usiokamata! Vikawekwa viwili, na vimefungwa kwa skrubu kwenye tofali, siyo kubandikwa juu ya tailizi. Chuma cha kutundikia taulo hakibebi mtu, msijidanganye.

Usiku ikawekwa taa ndogo ya kuchaji, inayoendelea kuwaka umeme ukikatika. Mshumaa jirani na neti ni moto unaosubiri kutokea. Poti ikawekwa kando ya kitanda kwa ajili ya usiku tu, ili safari ya gizani isiwepo kabisa.

Jikoni na Kwenye Dawa

Ukaguzi hauishii chooni. Maji ya kuoga, kwa mfano. Upande wa mwili uliopata kiharusi unaweza usihisi moto, na miguu ya mwenye kisukari ni hivyohivyo. Weka maji ya baridi kwenye ndoo kwanza, ndipo uongeze ya moto, halafu pima kwa kiwiko chako. Usimwulize mgonjwa kama yanaunguza, maana anaweza kukujibu hapana huku anaungua.

Jiko la mkaa lisiingizwe chumbani mlango ukiwa umefungwa. Huku Dar joto linatusaidia, lakini kwa ndugu zetu wa Njombe, Mbeya na Arusha jiko huletwa ndani kumpasha mgonjwa. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mgonjwa asiyeweza kuinuka atalala moja kwa moja. Mpe blanketi na soksi, jiko libaki nje. Na kama mgonjwa anatumia mashine ya oksijeni, moto wa aina yoyote, sigara ikiwemo, ukae mbali naye angalau mita 3.

Chakula nacho ni usalama. Baada ya kiharusi koo linaweza kuwa halifanyi kazi sawasawa. Mlishe akiwa amekaa wima, tonge dogodogo, upande wa mdomo wenye nguvu, na abaki amekaa kama nusu saa baada ya kula. Akikohoa kila anapokunywa, usiseme kapaliwa tu, rudi kwa daktari.

Dawa ziwe sehemu moja, juu, mbali na wajukuu, na awe mtu mmoja anayezitoa na kuweka tiki kwenye karatasi. Pale Tabata mama alikuwa anapewa dawa ya presha na mwanawe asubuhi, halafu tena na binti wa kazi, kila mmoja akidhani mwenzake kasahau. Na jamani, mafuta ya taa na Jik kwenye chupa ya maji ya kunywa, acheni kabisa.

Usiulize "Umeelewa?"

Sasa tuje kwenye kufundisha, maana kukagua bila kufundisha ni kazi bure. Sista alisema katika miaka yake yote ya kazi hajawahi kumuuliza Mswahili "umeelewa?" akajibiwa hapana. Tutasema ndiyo kwa heshima, hata kama hatujashika neno. Kwa hiyo yeye haulizi. Anasema, "Haya, nionyeshe." Ukikosea, halaumu, anasema labda yeye ndiye hakueleza vizuri, anarudia, kisha anakwambia umwonyeshe tena.

Alimfundisha mama kanuni moja ya kizingiti: kupanda, mguu mzima unatangulia, kushuka, mguu mgonjwa unatangulia. Na mkongojo ushikwe kwa mkono wenye nguvu. Mama akaigeuza wimbo papo hapo, akawa anauimba huku anapanda. Tulicheka sana siku ile.

Halafu sista akauliza swali ambalo naomba kila msomaji ajiulize: "Saa nne asubuhi, nani yuko na mama?" Kimya. Mume yuko ofisini. Mke yuko dukani. Aliyekuwepo ni binti wa kazi, ambaye muda wote ule alikuwa amesimama mlangoni na ufagio, hakuna aliyemwita. Sista akamvuta ndani, akamfundisha yeye kuliko wote. Namna ya kumsaidia mama kuinuka bila kumvuta mkono dhaifu, maana bega la kiharusi linateguka kirahisi. Namna ya kukausha sakafu kabla mama hajaingia bafuni. Namba za kupiga zikaandikwa kwa herufi kubwa ukutani, ikiwemo 114 ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji.

Na akianguka? Usimnyanyue kwa pupa. Mwache alipo, zungumza naye, mwangalie. Kama amegonga kichwa, kama anatumia dawa za kuzuia damu kuganda, kama mguu umepinda au hawezi kuusogeza kwa maumivu, asiinuliwe kienyeji, tafuta msaada wa hospitali. Kama yuko sawa, mgeuze ubavu, apige magoti, leta kiti imara mbele yake ashike, na mtu wa pili asaidie upande dhaifu. Kisha andika saa na mahali alipoangukia. Akianguka mara mbili sehemu moja, tatizo ni sehemu hiyo.

Kikao cha Familia, Kifupi tu

Kabla ya kuondoka sista aliomba wote wakae, na wifi wa Mwanza akapigiwa simu ya video. Hakumtetea mtu wala kumshtaki mtu. Alimzungusha wifi kwenye kamera: hiki ndicho kitanda, hiki ndicho choo, hapa ndipo alipoangukia. Wifi alinyamaza. Baadaye akasema, "Wifi yangu, samahani, sikujua choo chenyewe kiko hivyo." Vyuma vya ukutani na kiti cha choo vililipiwa na yeye.

Wakagawana. Mama anakunywa maji yake mpaka saa moja usiku, na anagonga kengele ndogo akihitaji. Mke anamsaidia mama kukaa kwenye poti, mume anaamka kuimwaga. Kwa njia hiyo aibu ya mama imelindwa na usingizi wa mke umegawanywa. Jumapili ni zamu ya mtoto mwingine wa mama anayekaa Mbagala, siyo kuja kula pilau na kuondoka, ni kukesha.

Mabinti wenzangu mlioolewa, kumtunza mama mkwe ni jambo la heshima, lakini siyo adhabu ya mtu mmoja. Na nyie wanaume, mama ni wenu. Kutuma hela ya dawa hakukuondolei zamu.

Anza Wikiendi Hii

Huna nesi wa kuja nyumbani? Ulizia hospitali kabla ya ruhusa. Muone mtaalamu wa mazoezi ya viungo au wa tiba kwa vitendo, kazi yao ni hiyo hasa. Muulize na mhudumu wa afya ngazi ya jamii katika mtaa wenu. Huku unasubiri, fanya haya matano:

1. Mwombe mgonjwa akuonyeshe njia ya chooni, mchana na tena usiku. Kaa karibu, upande dhaifu, usimwamrishe, tazama anaposhika na anaposita.

2. Kama anatembea mwenyewe, mpime kwa kiti. Ainuke, atembee mita 3, ageuke, arudi akae. Ikizidi sekunde 12, yuko kwenye hatari ya kuanguka, ongea na daktari.

3. Ondoa kinachoteleza na kinachonasa, weka pa kushika pande zote mbili, weka taa.

4. Mfundishe anayeshinda naye, halafu mwambie akuonyeshe.

5. Muulize mgonjwa, mkiwa wawili tu: kuna kitu unaogopa kutuambia? Kisha nyamaza, msubiri ajibu.

Hilo la tano halina gharama, na ndilo watu wengi wanaliruka. Kama una mgonjwa ndani, lifanye leo kabla ya chakula cha usiku, na uweke glasi ya maji mkononi mwake. Tukutane mwezi ujao.